Blanketi la Magunia

Moinaecha aliusikia ukingo ukimeguka kabla hajauona. Ulikuwa mlio mzito, kama shehena inayobwagwa ghalani, kisha lori zima likalala upande wa kulia na kioo cha mbele kikajaa mchanga. Faouzia, aliyekuwa ameketi katikati, alimwangukia. Tumbo lake la miezi minane lilimbana Moinaecha kwenye mlango, na katika kubanwa kule jambo la ajabu lilimpitia kichwani: hakuwahi kumgusa mke mwenzake kabla ya siku hiyo.

Nje, Mroivili, mume wao, alipiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza.

Walikuwa safarini kutoka Mahajanga kwenda Ankify, kwenye gati la mashua za kisiwa cha Nosy Be, wakiwa wamebeba robota za magunia mapya kwa ajili ya kakao na pilipili manga ya Ambanja. Ulikuwa mwanzo wa mwaka sabini na tisa, masika yamekolea. Utingo wao alishikwa na homa, wakamwacha njiani. Baada ya Antsohihy walifika kwenye mto uliogawanyika mikono miwili, katikati kukiwa na kisiwa cha mchanga na matete. Mkono wa kwanza waliuvuka salama. Mroivili alisimamisha lori pale kisiwani, akashuka na fimbo kupima kina cha mkono wa pili, na ndipo ukingo ulipokatika chini ya magurudumu.

Wanawake wawili walitoka kwa mlango wa dereva, ambao sasa ulitazama mbinguni. Moinaecha alitangulia, akamvuta Faouzia kwa makwapa. Walimkuta Mroivili amelala chali, ubavu wa bodi la lori umemkalia paja.

"Usinivute," alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Chimba. Mchanga ni laini. Chimba chini ya mguu."

Wakachimba, Moinaecha kwa sufuria, Faouzia kwa mikono, akiwa amepiga magoti na tumbo limemwelemea. Walipomtoa, mguu ulikuwa umegeuka pale usipopaswa kugeuka, juu kidogo ya goti, na kipande cha mfupa kilichungulia kupitia suruali. Moinaecha aliutazama mara moja, kisha akaenda kung'oa mbao mbili za lori. Aliufunga mguu kwa vitambaa alivyochana kutoka shati la mumewe. Mroivili aliuma mkanda wake wa ngozi mpaka ukabaki na alama za meno.

Mvua ikaanza tena. Walipogeuka kutazama nyuma, mkono wa mto waliouvuka asubuhi ulikuwa umejaa, unakwenda kasi, unasukuma magogo.

*

Moinaecha alikuwa mke mkubwa. Aliishi na Mroivili miaka kumi na minane mjini Mahajanga, akazika watoto watatu kabla hawajaachishwa ziwa. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro na maturubai ya malori, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama vya mwanamume. Baada ya Wakomoro kuuawa mjini mwishoni mwa mwaka sabini na sita, ndugu zake wote waliondoka kurudi Komoro. Yeye alibaki, kwa sababu ya Mroivili. Mwaka uliofuata Mroivili alirudi kutoka safari ya Nosy Be, akaketi mkekani, akamwambia kwamba ameoa huko.

Moinaecha hakupiga kelele. Alimwandalia chakula, akaenda uani akakaa mpaka jiko likazimika.

Faouzia, binti wa miaka kumi na tisa, aliletwa Mahajanga kuonwa na daktari kwa sababu miguu ilimvimba. Sasa mama yake Mroivili alimtaka arudi Nosy Be akajifungulie mikononi mwake. "Twende naye," Mroivili alimwambia Moinaecha. "Mimi nitashika usukani. Yeye atashikwa na nani?" Moinaecha alikubali kwa sababu kukataa kungeonyesha donda lake. Tangu Belobaka, pale mji unapoishia, mpaka kwenye mto ule, hakumwambia Faouzia zaidi ya maneno ya lazima: kunywa maji, inua miguu, sogea.

*

Usiku wa kwanza uliwafundisha baridi. Kibanda cha lori kilikuwa kimejaa maji na matope, na walilala chini ya turubai zima la lori waliloliburuta, ambalo lilikuwa zito mno, likajaa upepo, likawafunua na kuwamwagia mvua yote. Mroivili alitetemeka mpaka meno yakagongana. Asubuhi paja lake lilikuwa limevimba, na ngozi imekuwa moto.

"Hatuwezi kumlaza hivi tena," Moinaecha alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia Faouzia "hatuwezi".

Alichukua kisu cha mumewe akalikata turubai. Alipima kwa mwili wa Mroivili mwenyewe: urefu wake na mkono mmoja zaidi kichwani na miguuni, upana wa kumzungushia mara moja na nusu. Kisha akafungua robota la magunia, yale ya katikati ambayo hayakuloa, akayafumua mishono ili kila moja liwe kitambaa kimoja kipana. Alitandika matabaka matatu juu ya turubai. Sindano za magunia zilikuwemo ndani ya robota, ndefu, zimepinda nchani, pamoja na uzi wa nailoni wa kufungia midomo.

"Vua saluva yako," alimwambia Faouzia. "Magunia yatamchubua."

Faouzia alivua ile nguo pana aliyojifunga juu ya gauni. Moinaecha naye akavua yake. Akaziweka juu ya magunia, ya manjano na ya bluu, upande utakaogusa mwili.

Wakaanza kushona. Moinaecha alikata ulimi wa kiatu cha Mroivili akaufunga kiganjani ili kusukumia sindano, kwa maana turubai lilikuwa gumu, limelowa, na sindano iliteleza. Faouzia aliketi upande wa pili akivuta vitambaa visijikunje. Mishono ilikwenda mirefu, mstari baada ya mstari, ikishika matabaka yote pamoja. Kila sindano ilipotokeza chini, Faouzia aliishika ncha, akaivuta, akairudisha juu.

"Nani alikufundisha?" Faouzia aliuliza.

"Mama. Vuta zaidi. Uzi ukilegea, maji yatapita."

Pembeni Moinaecha alikunja turubai mara mbili na kushonea ndani kamba za robota, akiacha vitanzi kila urefu wa dhiraa. Vitanzi vile vingetosha kulifunga blanketi kwenye matete na lori liwe paa, au kupitisha miti miwili liwe machela. Ubavu mmoja aliutilia vikamba vya kufungana, ili mtu aingizwe ndani kama mkono kwenye soksi. Na upande wa miguu aliacha mdomo wazi kati ya turubai na magunia, wa kujazia majani makavu, kama yangepatikana.

Faouzia alijichoma kidole, damu ikaingia kwenye saluva yake. Moinaecha alikishika kile kidole, akakifinya, akakiosha kwa maji ya mvua yaliyotuama kwenye kunjo la turubai, akamrudishia mkono wake.

Mchana blanketi lilikuwa tayari. Kwanza walilitandaza juu wakakinga maji safi, wakajaza jerikeni moja. Kisha wakalikung'uta, wakamviringishia Mroivili ndani, turubai nje, saluva ndani, wakafunga vikamba mpaka shingoni. Baada ya muda mtetemeko ukapungua. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mmeshona pamoja," alisema, na midomo yake ilicheza kana kwamba angecheka.

Moinaecha aliinama kukaza kikamba ambacho tayari kilikuwa kimekazwa.

*

Siku mbili walikula mihogo mibichi na maziwa ya kopo. Hakuna lori lililokuja. Usiku wanawake walilala ubavuni mwa Mroivili, mmoja huku, mwingine kule, nao wakajifunika kwa mabaki ya turubai. Jeraha likaanza kunuka. Akili yake ilikwenda na kurudi. Mara alimwita mama yake, mara aliuliza kama breki zimekazwa.

Asubuhi iliyofuata Moinaecha aliamka akiwa na maji visiginoni. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha juu milimani. Kisiwa kilichokuwa kipana kama uwanja wa msikiti kilikuwa kimebaki kama ua wa nyumba. Bodi la lori lilianza kutikisika.

Alipima mto kwa macho. Mkono wa pili haukuwa mpana sana. Ng'ambo kulikuwa na ukingo mrefu wenye miti. Yeye aliweza kuogelea, amekulia pwani ya Mahajanga akizamia na wavulana. Faouzia, ingawa ni mtoto wa kisiwa, hakuwahi kuingia baharini zaidi ya magoti.

Walimfungua Mroivili kwenye blanketi. Moinaecha alikata matete akayafunga vitita, akavisukuma ndani kupitia ule mdomo aliouacha, akaongeza jerikeni tatu tupu zilizofungwa vizuri, akashona mdomo haraka. Kisha akakusanya pembe nne kwa vitanzi, likawa kama hori la kulishia ng'ombe, lenye tumbo la kuelea. Aliliweka majini akalilalia. Likazama kidogo, likasimama.

"Linabeba mmoja," alisema. "Mimi nitaogelea nyuma, nisukume. Tutafunga kamba hapa kwenye lori, ili nirudi kwa kuifuata."

Mroivili alimshika kifundo cha mkono. Siku ile akili yake ilikuwa timamu, macho yake maangavu kabisa.

"Nianze mimi, Moina."

Faouzia alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, mikono juu ya tumbo, anatazama maji. Hakugeuka.

"Mimi siwezi hata kujiburuta," Mroivili alisema. "Yeye anaweza kupanda juu ya lori. Mimi nikibaki nimebaki. Moina, usiniache hapa."

Alikuwa hajawahi kumwomba kitu kwa sauti ile, hata siku walizozika watoto wao. Moinaecha alimtazama usoni. Aliwaza uzito wake na mguu ule utakaoburutwa majini. Aliwaza mtoto aliyemo tumboni mwa yule mwingine. Lakini chini ya hayo kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililoamua. Zaidi ya mwaka, kila alipolala peke yake Mahajanga, alikuwa amemwomba Mungu amwondoe msichana yule. Alijua kwamba akimwacha kisiwani na mto ukamchukua, hatajua kamwe kama aliachwa kwa lazima au kwa chuki.

"Namvusha yeye," alisema. "Nakurudia."

Mroivili aliendelea kumshika. Ilimbidi avifungue vidole vyake kimoja kimoja.

*

Waliingia majini Faouzia akiwa amejikunja ndani ya blanketi, ameshika vitanzi, macho amefumba. Maji yalimpiga Moinaecha kifuani kama mtu anayemsukuma kwa makusudi. Alipiga miguu. Kamba ilifunguka nyuma yake, ikawa inakwaruza juu ya maji. Walikuwa wamepita katikati gogo liliposhuka, refu, na mizizi yake yote. Lilipita nyuma yao bila kuwagusa, lakini liliibeba kamba. Moinaecha aliona kamba ikinyooka, ikainuka, ikakatika.

Mto ukawachukua. Kisiwa kikawa nyuma yao, kisha mbali. Aliogelea kwa hasira, kichwa kikizama na kuibuka, mpaka magoti yake yakagonga matope. Akamtoa Faouzia, akamlaza kwenye nyasi, wote wakatapika maji mekundu ya matope.

"Nisaidie kulibeba," Moinaecha alisema. "Mpaka tukipite kisiwa upande wa juu wa mto, kisha niteremke nalo."

Blanketi lililolowa lilikuwa zito kama maiti. Walilivuta kupitia vichaka, Faouzia akianguka, akiinuka, akivuta tena, bila kulalamika. Walipofika mkabala na lori waliona kwamba halikuwa limelala tena, linaelea upande mmoja. Mroivili alikuwa amejivuta hadi kwenye gurudumu la nyuma, amelikumbatia, maji yamemfika kiunoni.

"Nakuja," Moinaecha aliita.

Wakaendelea kwenda juu, hatua nyingi zaidi, ili mkondo umteremshe sawasawa. Kisha akajitupa na blanketi mbele yake. Alipiga miguu mpaka mapaja yakawaka. Kisiwa kilimjia kwa kasi, lori, gurudumu, uso wa mumewe. Alikuwa karibu kiasi cha kuziona ndevu zake zilizoota kwa siku zile. Alinyoosha mkono. Mkondo uliogawanyika kwenye lori ulimtupa nje, upande wa kushoto, na akampita.

Mroivili aliinua mkono mmoja. Miaka yote iliyofuata Moinaecha hakujua kama mkono ule ulimwita au ulimruhusu aende.

Alipofanikiwa kushika tawi la ng'ambo aliko Faouzia na kugeuka, hakukuwa na lori, wala kisiwa. Palikuwa na maji tu, kutoka ukingo hadi ukingo, na robota moja la magunia likizunguka polepole.

*

Walikaa pale mpaka mchana ukaisha, wanaita jina lake kwa zamu. Kisha Faouzia aliishiwa sauti, akaanza kutetemeka. Moinaecha alilipasua lile blanketi mdomo, akatoa jerikeni na matete, akalikamua kwa kulikanyaga, akalifunga kwenye miti likawa paa. Upepo uliposhika wakalishusha, wakaingia wote wawili ndani, tumbo la Faouzia likiwa kati yao. Mtoto alikuwa anapiga teke. Moinaecha aliyahisi mateke yale mbavuni mwake, akageuza uso pembeni, lakini hakusogea.

Wachunga ng'ombe waliwakuta kesho yake. Walikuwa Watsimihety, kabila la wenyeji wa pale, mzee mmoja na ndugu zake, waliotafuta mnyama aliyechukuliwa na maji. Walikata miti miwili, wakaipitisha kwenye vitanzi, wakambeba Faouzia mpaka kijijini kwao kwa zamu.

Mroivili alipatikana upande wa chini wa mto, kwenye mashamba ya mpunga. Pale palikuwa na Mwislamu mmoja, mwenye duka aliyeitwa Allaoui, naye alileta sanda, akamwosha, akamswalia pamoja na Waislamu wawili aliowaita kutoka njiani. Hapakuwa na jeneza. Walimpeleka kaburini kwa lile blanketi. Moinaecha alikaa mbali na wanaume, akatazama mishono yake ikibeba uzito, na hakuna mshono hata mmoja uliofumuka. Alitamani ufumuke, ili apate kitu cha kulaumu.

Blanketi alimwachia mama mwenye nyumba aliyewalaza. Siku walipoondoka, mama yule alikuwa amelitandaza uani, upande wa saluva chini, anaanikia mpunga.

*

Lori jingine liliwafikisha Ankify, na mashua ya injini ikawavusha hadi Hell-Ville, mji wa Nosy Be. Habari ilikuwa imewatangulia. Nyumba ya mama yake Mroivili, Bibi Roukia, ilijaa wanawake mpaka barazani. Wakawapisha.

Bibi Roukia alikuwa ameketi kwenye mkeka, mdogo, miguu imenyooshwa. Aliwakumbatia mmoja mmoja, Moinaecha kwanza. Kisha akaishika mikono yao yote minne akaiweka mapajani pake.

"Nimeambiwa mlivuka kwa zamu," alisema. "Mwanangu alisema nini mwishoni?"

Moinaecha alifungua mdomo. Alikuwa ameyabeba maneno yale tangu mtoni, na alikuwa amekusudia kuyasema, kwa kuwa hakuona haki ya kuyaficha kwa mama. Nianze mimi, Moina. Usiniache hapa.

"Alisema nivushwe mimi kwanza, Mama," Faouzia alisema. "Dada alitaka kumchukua yeye. Akakataa. Akasema, mchukue Faouzia na mtoto. Mimi nitasubiri."

Bibi Roukia alifumba macho, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Tangu mdogo. Ndivyo alivyokuwa."

Wanawake wakaanza kulia, na Moinaecha, ambaye hakulia mtoni wala makaburini, alilia nao, akiwa ameinamia mikono ya yule mzee mpaka ikalowa.

Waliwekwa eda chumba kimoja, kitanda kimoja, kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo. Wageni walipotawanyika na mlango kurudishwa, Faouzia alilala ubavu akitazama ukuta. Moinaecha aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Ulimsikia," alisema. "Ulikuwa umesimama pale pale."

"Nilimsikia."

"Sasa kwa nini?"

"Mama yake mtu mzima, dada. Na huyu naye," akaweka mkono tumboni, "siku moja ataniuliza. Nitawaambia nini? Kwamba alitaka niachwe mimi?"

"Na mimi, Faouzia? Mimi nitaishi na lipi?"

Faouzia alisogea ukutani kadiri tumbo lilivyomruhusu, akaivuta shuka, akaiinua upande wa nje, akaishikilia hivyo. Moinaecha aliutazama mkono ule. Kisha akavua kilemba, akaingia, akalala.